Kanga Juu ya Kitanda cha Shabani

Nyinyi vijana mnaonijia na simu zenu, mnanionyesha vyumba vya ufukweni na kuniuliza, "Mzee Yona, hiki je?", leo nataka niwajibu kwa maandishi, maana kwa mdomo hamnisikilizi. Picha mimi siiamini. Kitanda kitupu kwenye picha hakina urefu. Wanaweza kukiwekea mito midogo kama ya mtoto mchanga, wewe ukadhani kitanda ni uwanja wa mpira. Nimefanya kazi ya vyumba vya wageni hapa Durban mpaka magoti yakakataa ngazi. Kutandika najua. Lakini kinachonifanya niulizwe mpaka leo ni kushuku.

Sikuzaliwa nako. Nilifundishwa na mke wangu, Riziki. Yeye mtu wa Uvira, mimi wa Kigoma. Ziwa ni moja, kila mtu ng'ambo yake, tukaja kukutana huku South Beach kwenye ghorofa za kupangisha watu wa likizo, yeye akiwa amenitangulia kazini. Siku yangu ya kwanza nilitandika kitanda vizuri, nikarudi nyuma nikitegemea kusifiwa. Yeye alikuwa amesimama katikati ya chumba ananusa.

"Yona," akasema, "hii chumba inanuka maua."

"Si vizuri?"

"Chumba haina bustani. Kama inanuka maua, iko inaficha kitu."

Akasogeza kabati. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ukungu mweusi kuanzia chini mpaka usawa wa kifua. Mtu alikuwa amenyunyizia manukato badala ya kusema ukweli kwa wenye jengo. Tangu hapo chumba kikininukia vizuri, mimi moyo unanienda mbio.

Riziki alikuwa na sheria zake. Bomba la maji ya moto alilifungua na kuliacha, kisha akaenda kufanya mambo mengine. Maji ya moto ya kunawa kila jengo linayo, alisema, shida ni maji ya moto ya mtu wa nne kuoga. Pazia alilivuta lote, kwa sababu pazia lililofungwa nusu lina sababu. Na kila kitanda alikilalia. Alivua viatu, akajinyoosha, akaangalia dari. Nikamwambia tutafukuzwa. "Mugeni hatalipa ili asimame," akanijibu. "Lala. Ukilala ndiyo chumba inasema kweli."

Basi nikalala, nikaona. Unaona doa la dari linalovuja. Unasikia lifti ikipita nyuma ya kichwa chako. Unahisi chuma cha kochi la kukunjua kinavyokuchoma kiunoni, kile ambacho mwenye chumba amekihesabu kuwa kitanda cha mtu mzima.

Watu wetu wakaanza kutusikia. Watanzania wa mjini, Warundi, Wakongo, kila aliyekuwa na ndugu wanaokuja kuona bahari na bustani ya michezo alipita kwetu Umbilo kwanza. Tukawa tunawakagulia vyumba siku zetu za mapumziko. Hatukuwa na ofisi. Tulikuwa na Riziki.

Nao wenye hoteli wana lugha yao, jifunzeni. "Bahari inaonekana" maana yake ukipanda juu ya choo na kutoa shingo dirishani. "Chumba cha familia" maana yake chumba cha watu wawili kilichosukumiwa kitanda cha tatu. "Watoto bure" hapo ndipo muulize mtoto kwao ni nani. Kwao mtoto ni yule mdogo ambaye bado analala popote unapomlaza. Kwetu, mtu anaweza kuwa na ndevu na mama yake bado akasema anakuja na watoto. Nimeona mchungaji mmoja wa Kirundi aliyeagiza chumba cha wazazi na watoto wawili. Watoto waliposhuka kwenye gari, yule wa kwanza alimbeba babaye begani kwa utani. Walichukua chumba cha pili mbio mbio, na usiku wakavuta magodoro, wakalala wote chumba kimoja, cha pili wakaweka masanduku na sufuria. Msicheke. Sisi tuko hivyo. Ndiyo maana mtu wetu anahitaji mkaguzi wake.

Riziki alifariki miaka hiyo ya tisini ikielekea mwisho. Sitaandika mengi. Niliwahi kurudi kazini kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno, na kazini niliendelea na kila alichonifundisha isipokuwa kimoja. Vitanda sikuvilalia tena. Nilibonyeza godoro kwa mkono, nikaandika kuwa ni zuri, nikatoka.

Hali hiyo ndiyo aliyonikuta nayo Athumani.

Athumani alikuwa mtu wa Tanga, mchapakazi, akishughulikia magari yaliyotumika ambayo watu wa nyumbani waliyanunua yakapitia bandarini hapa. Alikaa mjini, chumba kimoja na wanaume wengine watatu. Alikuja kwangu amebeba kipeperushi kama mtu aliyebeba cheti cha mtoto.

"Kaka Yona, nimepata! Usinishauri kitu, nimeshapata. Nataka tu ukaniangalizie."

Kilikuwa kipeperushi cha hoteli moja ya mapumziko iliyojengwa ndani ya bustani ya michezo. Jina silitaji, na siku hizi haipo. Kila chumba kilikuwa na mapambo yake. Alichokizungushia kalamu ni chumba cha maharamia: kitanda cha dabodeka kilichotengenezwa kama jahazi la mbao, na usukani, na bendera ya fuvu.

"Mke wangu anakuja na watoto," akasema. "Fikiria Hawa akiliona hili! Anapenda bembea yule, hapana mfano."

"Hawa ana umri gani?"

"Hawa? Hawa ana... kumi na saba. Na Shabani kumi na tano."

Nikamtazama. Alikuwa anatabasamu bado, kidole kiko juu ya usukani. Akatoa picha kwenye pochi kunionyesha: msichana mdogo asiye na meno mawili ya mbele, na mvulana amebebwa mgongoni. Hapo nikaanza kushuku, na safari hii sikuishuku hoteli.

"Athumani, tangu uje huku umerudi Tanga mara ngapi?"

"Si unajua mambo ya karatasi, kaka. Nikitoka nisirudi je? Lakini kila wiki napiga simu."

"Shabani ana urefu gani?"

"Wa nini?"

"Wa kitanda. Siwezi kukagua kitanda kama sijui nani atakilalia."

Akasimama. Akaweka kiganja hewani, usawa wa mkanda wake. Akakiangalia. Akakipandisha mpaka kifuani, akakiacha hapo kidogo, kisha akakipandisha tena mpaka begani. Akakishusha, akaketi.

"Sijui," akasema.

Halafu ndiyo akanieleza jambo alilokuwa hajalisema. Mkewe, Bi Zaina, alikuwa amemwambia kwenye simu maneno haya: nawaleta watoto wakuone, tukiondoka huko wajue kama wana baba au wana sauti ya simu. Na wakijua, nami nitajua la kufanya. Basi Athumani alikuwa na likizo moja tu ya shule mkononi mwake, na alikuwa anaijaza maharamia.

Nikamwambia tuende mjini akapige simu. Kulikuwa na duka la simu la Mkongo mmoja, vibanda vya mbao nyembamba, ukizungumza cha kwanza wanakusikia mpaka cha mwisho. Nikasimama nje ya kibanda.

"Mama Hawa, hebu nipimie urefu wa watoto... Urefu... Wa nini? Nataka kumnunulia Shabani suruali."

Nikasikia sauti ya mwanamke ikitoka kwenye mkono wa simu, kali kama iko hapo hapo: "Suruali! Leo ndiyo umekumbuka kuwa ana miguu?"

"Pima tu, mke wangu."

"Na nini? Nina futi mimi? Mimi fundi?"

"Pima na chochote."

Akaiweka simu kando. Kulikuwa na kicheko cha kijana mwenye sauti nzito, Athumani akaniangalia kupitia kioo cha mlango macho yamemtoka. Sauti ile ilikuwa ya Shabani. Kisha mama akarudi. Alikuwa amempima kwa kanga. Kanga nzima, mwisho mpaka mwisho, halafu shibiri moja na vidole viwili. Hawa, kanga na vidole vinne. "Na usinunue ya kitoto," akamaliza, akakata.

Athumani alitoka akirudia chini chini, kanga na shibiri na vidole viwili, asije akakisahau kipimo. "Sasa kanga tunaipata wapi, kaka? Sisi wanne pale chumbani hakuna mwenye kanga."

Mimi nilikuwa nayo. Riziki alikuwa mtu wa vitenge, lakini kanga moja nilimnunulia mimi mwaka wetu wa kwanza, na ndiyo aliyokuwa akijifunika siku za mwisho. Ilikuwa ndani ya sanduku, kwenye mfuko wa nailoni niliofunga fundo. Nilikuwa nimeifunga makusudi, na wale kati yenu mliofiwa mnajua kwa nini mtu hufunga nguo bila kuifua. Nilisimama mbele ya sanduku kwa muda. Nikafungua fundo, nikaikunja ndogo, nikaitia kwapani, tukapanda teksi ya ufukweni.

Pale hotelini mapokezini alikuwepo dada mmoja anaitwa Thandi. Tulisema naye Kiingereza, mimi na cha kwangu cha kuokota, nami nawaandikia kwa lugha yetu.

"Watoto wanakipenda chumba hiki, bhuti," akaniita kaka kwa Kizulu, akitufungulia. "Kila mtoto analia akiondoka."

"Analia kwa sababu ya raha au kwa sababu ya mgongo?"

Akacheka, lakini macho yake yakanitambua. Watu wa kazi moja hutambuana.

Chumba kilikuwa kizuri, na kilinukia maua. Niligonga ukuta. Niliangalia mlango wa bafu: haukuwa mlango, ilikuwa pazia lenye picha za samaki. Nikamuuliza Athumani binti wa miaka kumi na saba atavalia wapi, na mdogo wake wa kiume amelala hatua mbili kutoka hapo. Alikuwa anapapasa usukani.

Nikatandaza kanga juu ya kitanda cha chini. Ilianzia kwenye ubao wa kichwa, ikafika miguuni, na ukingo wake ukagusa ubao wa mwisho. Ikaishia hapo.

"Ongeza," nikamwambia.

Athumani akaweka kiganja mwisho wa kanga ili apime shibiri. Kidole gumba kikawa juu ya godoro. Kidole cha mwisho kikaangukia nje, hewani, zaidi ya ubao. Alibaki na mkono wake vile vile, kama mtu anayemshika mtu ambaye hayupo.

"Eish," Thandi akasema polepole. "Hao ni wakubwa, bhuti. Hivi ni vya watoto wa shule ya msingi. Wakubwa tunawapeleka jengo la nyuma, vyumba viwili vina mlango katikati."

Tukaenda basi. Mlango wa katikati ulikuwepo. Nikaomba ufunguo wake. Thandi akaniambia anao meneja. Nikauliza meneja yuko wapi. Akaangalia viatu vyake. Nikapitisha kucha kwenye ufa wa mlango: rangi ilikuwa imeuziba, miaka mlango ule haujafunguliwa. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kitu kinanguruma, nikauliza ni nini. Ni pampu za mabomba ya kuteleza kwenye maji. Nikamuuliza: zinazimwa saa ngapi? Na yale mabomba makubwa, yale wanayopanda vijana, siku za katikati ya wiki yanafunguliwa?

Thandi akatazama nyuma, akanisogelea. "Msimu huu, Jumamosi na Jumapili tu. Siku nyingine ni bembea za wadogo. Sikukwambia mimi."

Hata alipokuwa mkweli nilimshuku. Nilidhani labda ana shemeji mwenye ghorofa anataka tuhamie kwake. Nilikwenda mwenyewe nikasoma ubao wa lango la bustani. Alisema kweli.

Njiani, tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, Athumani akawa mbishi. "Lakini kaka, pale wataona nimewafanyia kitu. Wakishuka tu, wataona."

"Wataona umewafanyia watoto wengine."

Nilijuta ukali wa sauti yangu, ila maneno niliyaacha kama yalivyo.

Sasa sikilizeni, hii ndiyo kazi yenyewe. Familia yenye watoto wakubwa haihitaji kulala ndani ya bustani. Mdogo ndiye unayetaka akichoka umbebe mpaka kitandani. Mkubwa anataka aende kwa miguu yake na arudi kwa miguu yake, na apate mlango wa kufunga. Tafuta milango kabla ya mapambo. Chumba cha binti kiwe na komeo la ndani. Chumba cha kijana kisipakane na mlango wa kutokea. Cha wazazi ndicho kipakane nao, na usiwaambie vijana kwa nini. Jiko liwepo, maana kijana wa miaka kumi na tano anakula kila anapolipita. Na bustani iwe mwendo wa kutembea bila kuvuka barabara kubwa mara mbili.

Tulipata South Beach, ghorofa niliyoijua tangu enzi za ndoo. Msimamizi wake, mzee wa Kihindi tuliyemwita Uncle, aliniambia kila kitu kiko sharp, yaani safi kabisa. Nilifungua bomba la moto, nikaliacha. Nikasogeza makabati. Vyumba viwili vya kulala, na cha tatu kidogo kilichokuwa cha kuwekea vitu, kina dirisha na kitanda kirefu cha chuma. Athumani akatandaza kanga juu ya kitanda kile, akaongeza shibiri, akaongeza vidole viwili. Ikabaki nafasi. Akaongeza vidole vingine viwili vya kwake mwenyewe, "maana huyu ataendelea kukua," akasema, bado nafasi ikabaki. Ndipo nilipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu kibanda cha simu.

"Lala, kaka," akaniambia. "Si watu wanasema wewe unalalia?"

Nikamwambia alale yeye. Akasema yeye mfupi, hatahisi kitu. Basi nikavua viatu. Nikajinyoosha juu ya kanga ya mke wangu, nikaangalia dari. Lilikuwa na ufa, haukuwa na maji. Lifti haikusikika. Niliendelea kulala zaidi ya kazi ilivyotaka, na Athumani, Mungu ambariki, akaenda kuangalia jiko.

Kanga akaniomba abaki nayo, alitaka kupima tena siku ya wageni. Nilishuku kuwa ataisahau. Akaisahau.

Siku walipofika, Athumani aliamkia ghorofani, akapima kitanda kwa mara ya mwisho, akatoka mbio kwenda kituo cha mabasi ya Johannesburg na kanga akaiacha imetandazwa pale pale. Mimi nilikuja kusubiri na funguo, kwa sababu Uncle nilikuwa simwamini kuhusu sahani moja ya kupikia ya jiko la umeme. Tulikuwa bado tunabishana naye jikoni juu ya sahani hiyo walipoingia.

Bi Zaina alikuwa mwanamke mwembamba, ametoka safari ya siku nyingi na macho yake hayajachoka. Nyuma yake Hawa, mrefu, ushungi umefungwa barabara, anaangalia dari kabla ya kuangalia watu. Nyuma yake Shabani aliyeinama kidogo kupita mlangoni, na nyuma ya wote Athumani na masanduku, anamtazama mwanawe kisogoni kama mtu anayesoma bango la mbali.

"Shikamoo baba," Hawa akaniambia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Bi Zaina akanisalimu, akapita. Aliingia bafuni kwanza. Nikamsikia akifungua kabati la kioo. Mimi na Uncle tulijua anachotafuta, tumekaa kwenye vyumba miaka mingi: wake wa watu waliokaa mbali hutafuta vibanio vya nywele. Hakukuwa na kibanio. Akatoka, akaingia kile chumba kidogo.

Kisha akatoka ameishika kanga mkononi, mbali na mwili wake.

"Baba Hawa. Hii ya nani?"

Athumani akaweka masanduku chini.

"Nimekuuliza. Iko juu ya kitanda, imetandikwa. Na ina mtu." Akaipandisha puani, akaishusha. "Ina harufu ya mtu. Uniambie mbele ya watoto, maana ndiyo tuliyoyajia."

"Mama, hebu..." Shabani akaanza.

"Nyamaza wewe. Ndiyo suruali uliyonunuliwa hii?"

Hawa alikuwa amebeba begi lake bado, na niliona amelirudisha begani vizuri, kama mtu ambaye hatalitua.

Nikasogea. "Shemeji, ni ya mke wangu."

Akanigeukia. Kushuku kwake kulikuwa kuzuri, Riziki angempenda. "Mkeo yuko wapi?"

"Amefariki."

Mkono wake uliokuwa umeinyoosha kanga ukarudi kifuani. Akasema innalillahi, kwa sauti ndogo. Lakini hakuwa mtu wa kutulizwa kwa nusu ya jibu.

"Poleni sana, shemeji. Na imefuata nini kwenye kitanda hiki?"

Hilo sikuwa na haki ya kulijibu. Nikamtazama Athumani. Angeweza kutunga chochote, na mimi ningenyamaza, ingawa si desturi yangu. Alifuta uso kwa kiganja.

"Suruali nilikudanganya," akasema. "Sikununua suruali. Nilikuwa sijui urefu wa mwanangu. Ningewaweka kwenye jahazi la mbao, watoto wadogo, kwa sababu ndani ya kichwa changu Hawa hana meno ya mbele. Yona akaniuliza Shabani ana urefu gani, nikashindwa. Ndiyo nikakupigia. Ukanipa kipimo cha kanga, sina kanga, Yona akatoa ya marehemu. Nimepima vitanda vyote vya pwani hii kwa hiyo kanga. Hiki ndicho kilichomtosha."

Uncle, ambaye hakuelewa hata neno, alikuwa amezima jiko.

Shabani alitoka pale alipokuwa, akaingia chumba kidogo. Tukasikia viatu vinaanguka kimoja, cha pili, na chuma cha kitanda kinalia. Hawa akamfuata, akasimama mlangoni, nasi nyuma yake. Kijana amejinyoosha chali, mikono pembeni, anaangalia dari. Miguu haikugusa chuma cha mwisho.

"Hebu tuone," Hawa akasema. Akaichukua kanga mkononi mwa mama yake, akaitandaza juu ya ndugu yake kuanzia utosini, ikamfunika uso, ikaishia katikati ya muundi. Kisha akamgeukia babaye. "Haya, baba. Malizia."

Athumani akapiga magoti kando ya kitanda. Akaweka shibiri mwisho wa kanga juu ya mguu wa mwanawe. Akaweka vidole viwili. Vikaishia kwenye kisigino.

"Baba, unanitekenya," sauti nzito ikasema chini ya kanga.

Hawa akatua begi.

Mimi niliaga. Kanga sikuidai, hapakuwa na namna ya kuidai. Walikaa likizo yao, nikawaona mara mbili tatu wakitembea kuelekea bustani, baba katikati akiwa mfupi kuliko wote. Kabla hawajaondoka, Bi Zaina alikuja Umbilo na mumewe kuniaga, akaniletea kanga kwenye bahasha mpya. Alikuwa ameifua. Ameipiga pasi, ameikunja pande nne sawasawa, kama mwanamke wa kwetu anavyorudisha kitu cha marehemu kwa heshima. Inanukia sabuni.

Nikasema ahsante. Aliniambia Hawa anarudi kumaliza shule, kisha wote wataangalia karatasi za kuja. Nikasema vizuri sana. Walipotoka niliifungua, nikaweka uso. Nikatafuta kwenye pindo, nikatafuta kwenye kona. Sabuni tu.

Nilikaa nayo mapajani mpaka jua likatoka dirishani. Halafu nikachukua sindano na uzi mwekundu, nikashona alama ndogo ya kupimia pembeni mwake, nikaitia kwenye mfuko wa kazi pamoja na tochi. Nimekagulia nayo vyumba miaka yote iliyobaki, na kila kitanda nilikilalia.

Mwaka uliofuata Athumani alibisha hodi kwangu wakati kama ule ule. Nikadhani anataka nikamtafutie ghorofa, nikaanza kuvaa viatu.

"Kaa, kaka," akasema. "Vyumba nimeshaangalia mwenyewe, na bomba nimeliacha wazi. Nimekuja kuazima kanga. Sasa ni shibiri moja na vidole vinne."